Wawili katika Mia

Kinyozi alianguka wembe ukiwa mkononi na mteja akiwa nusu kidevu. Kwanza alishika mgongo wa kiti, akasema "samahani kidogo," kama mtu anayetaka kupiga chafya, kisha akakunjika na kukaa sakafuni juu ya nywele za watu. Mteja, povu likiwa bado shavuni, ndiye aliyembeba hadi kwenye gari lake akamfikisha hospitali. Alipomkabidhi kwa ndugu zake alitoa pole, akapapasa shavu lililonyolewa, kisha lile lisilonyolewa, akauliza kwa adabu kama kuna mtu wa ukoo anayejua kazi. Hakuna aliyejua. Akaondoka akiwa ameinamisha uso upande mmoja.

Dada yake kinyozi alifika mbio, pini zikiwa bado zimechomekwa kifuani mwa gauni. Kazi yake ni kushona mapazia, na habari zilimkuta juu ya ngazi katika nyumba ya watu. Ukumbini aliwakuta wawili: mke wa kinyozi, macho mekundu, na mama yake mke huyo, ambaye alinyanyuka haraka kumpisha kwenye benchi.

"Shikamoo, dada," alisema mama mkwe.

"Marahaba," alijibu mshona mapazia, na kama ilivyo siku zote neno hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Maana ukweli ulikuwa hivi. Mama mkwe alikuwa na miaka sitini na mitatu. Mshona mapazia alikuwa na sitini na mmoja. Aliyestahili kuamkiwa ndiye aliyekuwa akiamkia, na mwenye makosa yote alikuwa amelala ndani akishika tumbo.

Kinyozi alipokwenda kuposa, miaka kumi na miwili nyuma, mama yule aliweka sharti moja tu: hataitwa mama na mwanamume anayemzidi umri. Alisema jambo hilo halina heshima wala halina sura. Kinyozi, aliyekuwa anamzidi kwa miaka mitano mizima, alilala na wazo, akaamka akiwa na miaka kumi na minne pungufu. Kitambulisho kilirekebishwa, nywele zikapakwa rangi, na ubao wa duka ukaandikwa upya: Kwa Kijana. Likabaki tatizo moja, nalo ni mdogo wake wa kike, kitinda mimba wao, ambaye sasa alikuwa amemzidi kaka yake miaka saba. Kinyozi akalimaliza palepale sebuleni kwa wakwe. "Huyu ni dada yangu mkubwa," alisema, akimshika bega. "Ndiye aliyenibeba mgongoni."

Mama mkwe naye alipiga hesabu yake. Aliyembeba mtoto mgongoni hawezi kuwa amemzidi chini ya miaka kumi. Tangu siku hiyo ikawa shikamoo asubuhi, shikamoo jioni, na kwenye shughuli yoyote mshona mapazia anatafutiwa kiti chenye mto kwa ajili ya mgongo wake, mgongo ambao haukuwa na lolote.

* * *

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mwembamba, kalamu imechomekwa kwenye nywele, asiye na muda wa maneno ya pembeni. Aliwaita wote watatu kwenye meza ndogo yenye kompyuta.

"Tumbo limekakamaa kama ubao," alisema. "Picha inaonyesha hewa mahali pasipotakiwa kuwa na hewa. Maana yake kidonda cha tumbo kimetoboka na vilivyomo vinavuja. Lazima tufungue, tuzibe, tuoshe. Leo hii. Ila kabla sijaingia, nataka kujua namchukua mtu wa aina gani. Umri?"

"Hamsini na nne," alisema mke, haraka, kwa fahari kidogo.

Daktari alitupa jicho kwa mgonjwa aliyelazwa nyuma ya pazia. Nywele zilisema hamsini na nne. Shingo ilikuwa na maoni yake. Lakini kitambulisho kilikuwa upande wa nywele, akaandika.

"Presha?"

"Hana."

"Sigara?"

"Hajawahi."

"Dawa za maumivu, anatumia mara kwa mara? Hizi ndizo zinazotoboa watu matumbo."

"Huyu? Hata kichwa hakijawahi kumuuma," alisema mke. "Mwenyewe husema magonjwa ni ya wazee."

Mshona mapazia alianza kuchomoa pini kifuani, moja baada ya nyingine, akizitazama kama hajawahi kuziona. Dawa za magoti ya kaka yake alikuwa akizinunua yeye. Muuza dawa alikuwa amemzoea kiasi cha kumuuliza, "Magoti yako leo vipi, bibi?" naye hujibu kwamba magoti hayajambo, akachukua pakiti na kwenda kuisukuma chini ya mlango wa duka la kinyozi. Na kinyozi huzimeza alfajiri, tumbo tupu, kabla mke hajaamka, ili asimame kutwa nzima kama kijana wa watu.

Daktari alimaliza kuingiza majibu ya damu, mapigo ya moyo na figo, akabonyeza.

"Wawili," alisema.

"Wawili nini?" aliuliza mama mkwe.

"Kikokotoo hiki kinaniambia, katika watu mia walio kama yeye wanaofanyiwa kazi hii, ni wangapi watakaopoteza maisha. Wawili. Ni habari njema."

Mama mkwe alitafakari. "Na leo wamekwisha kupatikana?"

"Akina nani?"

"Hao wawili. Maana kama wamekwisha kwenda, wetu yuko salama."

"Mama, haiendi kwa zamu."

"Basi si mtangulize mwingine kwanza?"

Mke alimvuta mama yake mkono. Daktari alishusha pumzi, akaeleza polepole: mgonjwa aliye chini ya watano katika mia hulazwa usingizi na kijana wa zamu, na akitoka hurudishwa wodi ya kawaida. Akiwa watano au zaidi, utaratibu wa hospitali ni kwamba bingwa wa usingizi aitwe mwenyewe na kitanda kitengwe katika chumba cha uangalizi maalumu. "Kitanda huko kimebaki kimoja," alisema. "Siwezi kukipoteza kwa mtu wa wawili. Na bingwa yupo nyumbani kwake amepumzika, simsumbui bila sababu."

Mke alisema Mungu ni mwema. Mama mkwe alisema ndiyo faida ya kuoa ukiwa bado kijana. Mshona mapazia alitazama kiganja chake. Alikuwa ameshikilia pini zake mkononi na moja ilikuwa imemchoma.

* * *

Alimkuta kaka yake nyuma ya pazia, uso umekuwa wa kijivu, mrija wa maji ukiingia mkononi.

"Mwambie daktari umri wako," alimnong'oneza.

"Hamsini na nne."

"Wewe! Mimi nilikukuta duniani. Nilikukuta unakwenda shule."

"Sauti."

"Wanakuhesabia miaka isiyo yako, wanataka kukupa mtoto wa zamu akulaze. Huo umri ndio unaobeba mzigo wote kwenye lile dude lao. Sema tu!"

Kinyozi alifumba macho mpaka wimbi la maumivu lilipopita. Alipoyafumbua alimwita kwa jina ambalo hakuwa amelitamka mbele ya watu kwa miaka kumi na miwili. "Kitinda," alisema. "Nikifa leo, nitakufa mara moja. Ukisema, nitakufa kila siku pale mezani, yule mama akinitazama. Ataniitaje? Nitamwitaje? Atamchukua mtoto wake aondoke naye."

"Hawezi."

"Unamjua wewe? Muuza mboga alimwita bibi, naye akamrudishia mchicha kiganjani na hajapita kwake tena."

Na hapo ndipo shetani wa mshona mapazia alipomtembelea, tena bila hodi. Alijiona mbele ya mama mkwe akisema shikamoo na kuitikiwa. Alijiona akikaa kwenye mkeka kama watu, bila mto, na muuza dawa akimwita dada. Kwa sekunde chache alijiona amekuwa msichana, na kaka yake akiwa amelala mbele yake na tumbo lililotoboka. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Sasa nikisema, alijiuliza, nitakuwa nimemwokoa kaka yangu au nimejirudishia miaka yangu? Hakuweza kujijibu, na kwa kuwa hakuweza, aliamua kutafuta njia ya tatu. Njia ya tatu huwa ndiyo mbaya kuliko zote, lakini huonekana pana.

* * *

"Daktari," alisema, akirudi mezani, "nimekumbuka. Ana moyo."

"Kila mtu ana moyo."

"Wa kwake ni mbovu."

Mke aligeuka. "Tangu lini, wifi?"

"Tangu utotoni. Si mimi niliyemlea?"

"Hakuwahi kuniambia!"

"Hakutaka uwe na wasiwasi. Na kifua pia. Kikimbana usiku hukoroma kama mashine ya kusaga."

"Huko kukoroma ni kwa kawaida," alisema mke.

"Na sukari."

"Sukari nimempima sasa hivi," alisema daktari. "Iko sawa."

"Basi ilikuwa sukari ndogo, ilipona. Lakini moyo bado. Sasa na huo moyo, inakuwa wangapi? Watano wanafika?"

Daktari aliweka mikono juu ya meza. Hakukasirika; ingekuwa afadhali angekasirika. "Sikiliza, bibi. Kama moyo ni mbovu siwezi kumlaza usingizi bila kwanza moyo upigwe picha. Mtu wa picha hiyo hayupo hapa leo. Itabidi tungoje mpaka kesho. Huku tukingoja, uchafu unaotoka tumboni mwake unaendelea kumwagika, na kila saa inayopita inamsogeza karibu na kaburi. Nakuuliza mara moja tu na unijibu mara moja. Moyo wake ni mbovu?"

Mshona mapazia alitazama pazia. Nyuma yake kinyozi aliguna, mguno mfupi wa mtu anayejaribu kujikaza mbele ya wakwe.

"Hapana," alisema.

"Kifua?"

"Hapana."

"Sasa ana nini?"

"Ana miaka sitini na minane."

Mama mkwe alitazama kushoto, akatazama kulia, kana kwamba kuna mgonjwa mwingine anayezungumziwa. "Nani?"

"Kaka yangu. Kaka yangu mkubwa." Baada ya hapo hakuweza kujizuia, yalitoka yote kama gunia lililopasuka. "Mimi ni mdogo wake. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, akaniangusha mara mbili. Mimi nina sitini na mmoja na magoti yangu ni mazima. Yanayouma ni ya kwake, na dawa za maumivu namnunulia mimi, anazimeza kila alfajiri kabla hajala. Presha sijui. Hajawahi kupima, anaogopa."

Ukumbi mzima ulikuwa umegeuza shingo, hata wagonjwa wa watu wengine. Muuguzi aliyekuwa akipita na beseni alisema kwa sauti ya chini kwamba mficha maradhi kilio kitamuumbua, akaendelea na safari yake.

"Zile nywele?" aliuliza mke.

"Rangi."

"Na ile timu ya wakongwe, aliyokataa kuchezea kwa sababu yeye bado?"

"Magoti, wifi."

Daktari peke yake hakuonyesha mshangao. Alikuwa ameshafuta hamsini na nne na kuandika upya. Akaongeza dawa, akabonyeza. "Tisa," alisema, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye simu. "Mwiteni bingwa, aje sasa. Na kile kitanda mkishike, asikichukue mtu."

Mama mkwe alisimama. Alikwenda akaketi mwisho wa ukumbi, kwenye benchi la watu wasiomjua.

* * *

Operesheni ilichukua muda mrefu. Mke alilia kidogo, akacheka kidogo, akarudi kwenye kulia.

"Nimeolewa na babu," alisema.

"Umeolewa na mwongo," alisema mshona mapazia. "Babu ni la pili."

"Ningemkubali hata kwa miaka yake. Kosa lake hakuniuliza mimi, alikwenda kumdanganya mama."

"Mwambie hivyo akiamka."

"Akiamka nitamwambia mengine kwanza."

Mshona mapazia hakuwa na raha. Tisa lilikuwa limemkalia kifuani. Ilipokuwa wawili aliogopa kwa sababu ilikuwa uongo; sasa ilikuwa kweli na iliogopesha zaidi. Aliwatazama watu waliokaa ukumbini na kwenye ngazi, akajaribu kuwafikiria mia moja, kisha kuwachagua tisa, na kila alipochagua, wa tisa alikuwa na sura ya kaka yake. Akaacha. Alisogea mpaka kwenye benchi la mwisho, akasimama mbele ya mama mkwe.

"Mama, nisamehe."

Mama mkwe aliendelea kutazama ukuta. "Miaka kumi na miwili," alisema, "ninamwamkia mtoto."

"Nilikuwa naitikia kwa shida."

"Lakini uliitikia."

Mshona mapazia alirudi alikotoka.

Daktari alipotoka kofia ilikuwa imelowa jasho. Alisema tundu lilikuwa dogo kama punje ya haragwe, ila uchafu wake ulikuwa umejaa kila mahali. Walipokuwa wakiosha, presha ilianguka ghafla, na bingwa alihangaika naye hadi ikarudi. "Yule wa zamu ni kijana mzuri," alisema daktari, "lakini leo nisingependa awe peke yake." Sasa mgonjwa yupo kwenye mashine ya kupumulia, katika kile kitanda.

"Kwa hiyo hayumo kwenye tisa," alisema mtu nyuma yao. Alikuwa mama mkwe.

"Bado sijui, mama. Nitajua akipumua mwenyewe."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye benchi lake. Binti yake alimsihi aende nyumbani akajinyooshe. Hakwenda.

* * *

Kinyozi alipumua mwenyewe siku iliyofuata, jua likiwa limeshapanda. Wauguzi walimtoa mrija kooni, na daktari alikuja, akamtazama, akabonyeza tumbo kwa vidole viwili, akasema sasa wanaweza kumwona, ila kwa utulivu.

Kinyozi alionekana mdogo pale kitandani. Kofia ya upasuaji ilikuwa imetolewa, na kwenye mashina ya nywele, mahali ambapo rangi ilikuwa bado haijarudiwa, mstari mweupe ulikuwa umezunguka kichwa chote. Alimtazama mdogo wake.

"Ulisema?" Sauti ilikuwa kama mlango mkavu.

"Nilisema."

Akafumba macho. Mkewe alikaa miguuni, akamshika kidole gumba cha mguu kupitia shuka, akakibana kwa nguvu kuliko mtu anavyombana mgonjwa.

Kisha mama mkwe aliingia. Walikuwa wamemvalisha joho la wageni la chumba kile, limemfika hadi kwenye viatu. Alivuta kiti mpaka kichwani pa mgonjwa na kukaa. Kinyozi alifumbua mdomo, akaufunga. Yule mwanamume ambaye hakuwahi kukosa neno kwa mteja yeyote alikuwa anatafuta neno moja na halimjii. Mama lilikuwa limemshinda. Mengine yote yalikuwa matusi.

"Bi..." alianza.

"Umeniita nini?" alisema mama mkwe.

"Bado sijakuita."

"Nasikia unajiona umenizidi."

"Nina... nina sitini na minane." Ilimtoka kwa taabu kuliko ule mrija.

"Haya. Mimi nina sabini na mmoja."

Mke aliachia kidole. "Mama! Wewe si juzi tu tulikufanyia ya sitini na—"

"Nyamaza. Siku nazaliwa wewe ulikuwepo?"

"Hapana, lakini—"

"Basi. Mambo ya wakubwa hujui."

Mshona mapazia alijikuta anahesabu. Miaka minane, kwa pumzi moja, bila kumung'unya, kutoka kwa mwanamke anayegombana na wauza mboga. Alimtazama usoni aone kama anatania. Uso ulikuwa mkavu kabisa, kidevu kimeinuliwa, macho yamelowa. Mshona mapazia alitaka kucheka, akabana midomo kwa sababu ya mashine na wagonjwa, na badala ya kicheko yalitoka machozi, nayo aliyaacha yatoke.

Kinyozi alimtazama mama mkwe wake.

"Mama," alisema. "Nina kiu. Naomba maji."

Mama mkwe alichukua pamba kwenye kibakuli, akaichovya, akaikamua, akampangusa midomo taratibu.

"Daktari amesema bado," alisema. "Mtoto gani wewe, husikii?"